Koti Lenye Mikono Mirefu

Nyumbani,
Chumba cha juu ya duka la matandiko.
Jumapili, tarehe 12, mchana.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote, u hali gani? Mgongo unasemaje? Mara ya mwisho ulituambia kwamba huko ghalani wamekupa mkanda wa kufunga kiunoni ili makabati yasikuvunje, na Mama akacheka mpaka akashika ukuta, akasema kumbe mdogo wake anafungwa tumbo kama mzazi. Natumaini unaufunga hivyo hivyo, utani kando. Mkazamjomba hajambo? Na binamu zangu wawili, bado wanaongea lugha yetu, au imebaki ya salamu tu?

Sisi huku ni wazima. Mimi ndiyo mzima kupita kiasi, wiki hii chakula hakipiti vizuri kwa furaha. Baba anakusalimu. Goti lake humsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Dada yako ni mzima isipokuwa yale macho, nayo nitayafikia.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Wazo si langu. Mama ndiye aliyesema, "Mwandikie. Ukimpigia atakataa kabla hujafika katikati. Barua hana pa kuikatiza." Kwa hiyo keti, Mjomba, weka chai karibu, na usiruke mistari ukakimbilia mwisho kama unavyofanya na magazeti. Nina jambo la kukuomba. Sikufichi kwamba lipo, lakini ukilisikia bila mwanzo wake utalitupa.

Mwanzo wenyewe ni huu: tumemaliza filamu! Ile niliyokuwa nakudokezea kwenye simu, ukadhani ni mchezo wa vijana wasio na kazi, imekwisha, ina mwanzo na mwisho na majina ya watu yanapanda ukutani. Mimi ndiye mhariri wake, yaani ndiye niliyekaa na vipande vyote vilivyopigwa, nikavikata na kuviunga mpaka vikawa hadithi. Mama anasema sijaiacha kazi ya ukoo ya kushona, nimebadili kitambaa tu.

Mwongozaji ni rafiki yangu wa tangu shule, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Tunamwita Simama, kwa sababu hilo ndilo neno lake kubwa. Ukipita mbele ya kamera, simama. Ukipumua vibaya, simama. Fundi wa sauti tunamwita Kimya. Yeye huinua kidole tu na nyumba nzima inaacha kutafuna. Siku moja aliwanyamazisha mpaka njiwa wa darini, au ndivyo anavyodai yeye.

Najua utataka kujua vyombo, maana wewe na vyombo hamuachani. Wewe kule ukumbi wa video, ulipokuwa msimulizi, ulikuwa na deki moja ya kanda iliyofanya kazi kwa kupigwa kofi, televisheni moja juu ya meza, na maiki iliyofungwa kwa mpira wa ndani ya baiskeli. Kwa vitu hivyo ulituletea filamu za nchi zote duniani. Lugha zao ulizielewa nusu, nusu nyingine ukaitunga papo hapo, na sisi tuliokaa kwenye mabenchi hatukujua mpaka leo ipi ilikuwa nusu ipi. Sisi tumepiga filamu yetu kwa kamera inayoenea kwenye kiganja. Inaona gizani vizuri kuliko paka. Kuna mkono wa chuma unaoishika, ukikimbia nayo picha haitikisiki hata kidogo. Siku mbili tuliazima droni, ile ndege ndogo yenye kamera tumboni, tukaipiga picha karakana ya Mama kutoka juu. Mjomba, paa letu lina matundu! Baba aliyaona kwenye skrini, na kesho yake akapanda kuyaziba.

Halafu nikaingia kwenye kompyuta, na hapo ndipo nilipolewa. Ukitaka asubuhi iwe jioni, inakuwa jioni. Ukitaka ukuta wa kijani uwe wa samawati, unabonyeza. Ukitaka mvua, unaiweka. Nikaweka mvua. Nikaweka na muziki chini ya mvua, na droni juu ya muziki. Simama alipokuja kutazama aliniuliza, "Sasa hii hadithi ni ya nani? Ya Mama au ya paa?"

Nilikasirika siku nzima. Kisha nikakukumbuka wewe. Unakumbuka deki ilivyokuwa ikila kanda? Picha inakatika, skrini inajaa chenga, na badala ya kuwarudishia watu viingilio vyao ulikuwa unaendelea tu: "Wakati huo, mabibi na mabwana, mwizi wa farasi yuko nyuma ya mlango, na mlango una kutu, na akigusa tu..." Mpaka picha irudi, watu wamesimama juu ya mabenchi. Kanda zilizoliwa ndizo watu walizozipenda, walirudi kuziangalia tena na tena. Basi nikaanza kutoa. Nikatoa mvua, muziki, droni, nikatoa hata kipande kizuri ambacho mpiga picha alipanda mti kukipata, naye mpaka leo ananisalimia kwa kidevu. Kadiri nilivyotoa, ndivyo Mama alivyozidi kuonekana.

Ndiyo, Mama. Ameigiza mwenyewe, dada yako! Hadithi yenyewe unaijua nusu, ingawa hujui kwamba unaijua.

Nyuma ya mlango wa karakana kuna msumari mkubwa. Pale, tangu nikiwa mtoto wa kuokota pini chini ya cherehani kwa sumaku, linaning'inia koti la sufu, la kijivu, zito, la nchi za baridi. Ukilivaa hapa kwetu utaiva. Wateja wakiuliza ni la nani, Mama hujibu, "La mteja. Atakuja." Hakuja. Lakini kila mwaka Mama hulishusha, hulikung'uta vumbi, hufumua mshono wa kiunoni na kuuachia kidogo, kisha hushona tena. Anasema mteja kwa umri wake lazima ameongezeka. Ni koti linalonenepa bila mtu ndani yake, Mjomba, umewahi kuona?

Nilipomsimulia Simama habari hiyo, safari hii alisimama yeye. Akasema hiyo ndiyo filamu. Fundi cherehani analitunza koti la mteja, miaka inapita, watu wanaingia na kutoka dukani na mambo yao, na mwisho mteja anakuja, analivaa, basi. Kitu kidogo tu. Mama alipoulizwa kama atakubali kuigiza alisema yeye hatasema maneno ya kukariri, lakini kama tunataka kumtazama akifanya kazi yake, tusimkanyagie vitambaa.

Mteja tulimpata jirani tu, kinyozi wa kona. Hajawahi kuigiza maishani mwake, ila ana uso wa mtu anayesikiliza, na Simama alisema uso wa hivyo haufundishiki. Siku ya kupiga kipande cha mwisho akaingia amenyoa, amenukia, akalivaa koti. Mabega yakakaa. Kiuno kikakaa. Mikono ikamfunika mpaka ncha za vidole, akawa kama mtoto aliyevaa la babake. Tukacheka, na Kimya akainua kidole bure.

Nikamwomba Mama aikunje mikono na kuipiga bandi, ule mshono wa muda, dakika mbili tu. Akaja taratibu, akamshika kinyozi begani, akateremka na mshono mpaka mwisho wa mkono, pale vidole vya mwenzie vilipojificha ndani. "Msikunje," akasema. Simama akamweleza kwa adabu kwamba watu watacheka. Mpiga picha, kwa kutaka kusaidia, akasema hakuna shida, tutaifupisha kwenye kompyuta, hata haitajulikana.

"Hata huko kwenye kompyuta msiiguse," Mama akasema. "Mwenyewe ana mikono mirefu."

Mjomba, nilikuwa nimeshika ule ubao wa kugonga kabla ya kipande, nikausahau mkononi. Nani katika ukoo wetu ana mikono mirefu? Nani alikuwa anaifikia deki bila kuinuka kitini, mpaka ukumbi mzima ukamwita Kamba? Nani aliyeitwa kazini nchi ya baridi, akapewa siku chache tu za kufungasha, wakati dada yake ndiyo kwanza amekata kitambaa?

Miaka yote hii mteja ni wewe! Alilimaliza baada ya wewe kuondoka, akalitundika, akaanza kuwadanganya wateja, na sisi, na nadhani kidogo na nafsi yake. Jioni ile nilimuuliza kwa nini hakukutumia kwa posta. Akanishangaa, kana kwamba nimemwambia auze cherehani. Akasema koti ambalo halijavaliwa na mwenyewe mbele ya fundi halijaisha, na yeye katika maisha yake hajatoa kazi isiyopimwa. Unamjua. Hata Baba suti ya harusi alipimwa mara tatu, na ya tatu alikuwa ameshachelewa kuoa.

Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Mama amewabishia kwa msumari.

Basi filamu ikageuka palepale. Simama alikaa kwenye ngazi, akaandika mwisho mpya juu ya goti. Sasa mteja anakuja, analivaa, mikono inamfunika vidole, na fundi akiigusa anatambua kwamba huyu siye. Anamvua taratibu, anamshukuru, analirudisha koti kwenye msumari. Kinyozi anatoka. Mlango unabaki wazi. Hapo ndipo filamu inapoishia, na nakuapia, nimekitazama kipande hicho mara nyingi kuliko nilivyojitazama kwenye kioo, na bado nakirudia. Hakuna kompyuta iliyokitengeneza. Kimetengenezwa na mikono miwili ya koti iliyozidi urefu. Lakini bila kamera ile ndogo iliyoweza kukaa chini ya kwapa la kinyozi, nani angekiona kidole cha Mama kikisimama kwenye mshono? Ndiyo maana siwezi kuwa upande wa wanaosifu mashine tu, wala wa wanaozitukana. Vyombo na hadithi vinahitajiana, kama mkasi na kitambaa.

Sasa nifikie macho. Yalizimika pole pole, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba sasa amebakiwa na mwanga wa dirisha tu. Daktari amesema wazi kwamba hayatarudi, na Mama amelipokea vizuri kuliko sisi. Mishono iliyonyooka bado anashona kwa vidole, na vifungo anaviweka kunishinda mimi mwenye miwani, macho manne. Analolikataa ni kuonewa huruma. Baba alipoanza kumkatia nyama kwenye sahani, alimnyang'anya kisu.

Jumamosi ya tarehe 4 tulimkalisha tukamwonyesha filamu, sisi wa nyumbani kwanza. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi ya furaha. Filamu ya Simama ni ya macho, watu wanatazamana, mkono unagusa, kimya kirefu. Tukawasha. Mama akasikia mlango, cherehani, mkasi, halafu kimya. Akageuza kichwa. "Sasa kuna nini?"

"Umekaa," Baba akamwambia.

"Halafu?"

"Bado umekaa."

Akangoja kidogo. "Na sasa?"

"Sasa umesimama. Ngoja. Umekaa tena."

Tulicheka mpaka tukaisimamisha filamu. Mama naye alicheka, akasema mume wake amezoea uderevu, hadithi yake yote ni kushoto na kulia. Kisha akasema, "Mwenye macho haambiwi tazama. Mimi basi niambieni." Na kwa sauti ndogo isiyomlenga mtu yeyote, akaongeza, "Kamba angeniambia."

Hapo nikaelewa tulichokifanya. Tumetengeneza filamu nzuri juu ya mtu mmoja, na mtu huyo mmoja ndiye tuliyemfungia nje.

Kimya alilisikia lile jina akaniuliza Kamba ni nani. Nikamtolea ile kaseti. Ipo moja, Mjomba! Ile uliyojirekodi siku ya filamu ya mwizi wa farasi, ukitaka kujua sauti yako inasikikaje nje ya kichwa chako. Upande mzima wewe unaongea, na chini yako feni inalia, mabenchi yanalia, na watu wanavunjika mbavu. Kimya aliisikiliza amefumba macho, kisha akasema kuna programu siku hizi ukiilisha sauti ya mtu inajifunza, na baada ya hapo inasoma lolote utakaloiandikia kwa sauti hiyo hiyo. Tutamshtukiza Mama, akasema. Nami nikakubali palepale. Hatukukuomba ruhusa, na kwa hilo nakuomba radhi sasa hivi, kabla sijaendelea. Tulikuwa kama watoto waliopata kiberiti.

Kimya akaisafisha kaseti. Alitoa feni, akatoa mabenchi, akavifuta vicheko vyote kimoja kimoja, ubaki wewe peke yako. Mimi nikaandika maelezo ya kila kipande: fundi anaingia, amevaa gauni la bluu, anachukua mkasi. Tukaipa mashine. Mjomba, ilikuwa ni wewe! Kile kikwaruzo chako cha kooni, lile "mabibi na mabwana", kila kitu.

Alhamisi mchana, bila kumwambia neno, tukawasha filamu karakanani. Sauti yako ikasema, "Mabibi na mabwana, karibuni dukani."

Mama aliinuka. Kitambaa kilimwanguka mapajani. Aligeukia mlangoni, akanyoosha mkono, na uso wake, Mjomba, sijui nikueleze vipi uso ule, sikuwahi kuuona hata nilipofaulu mitihani. "Umekuja?" akasema. "Umekula?"

Na sauti ikaendelea. "Fundi amevaa gauni la bluu."

"Umekula wewe?" akauliza tena. "Fundi anachukua mkasi," ikasema sauti. Mkono wa Mama ulibaki hewani hivyo hivyo. Nikarukia kompyuta, lakini zikapita sentensi nyingine mbili kabla sijaizima.

Alikaa. Nilipiga magoti mbele yake nikamweleza kila kitu, huku Kimya amesimama nyuma ya mlango karibu na koti kama aliyeshitakiwa. Nilidhani atatufukuza wote. Alisikiliza mpaka mwisho, akaokota kitambaa chake, akauliza, "Watu wake wako wapi?"

"Watu gani?" nikauliza.

"Kamba haongei peke yake. Husema neno, hungoja watu wacheke, wakikawia huwachokoza. Huyu wenu hangoji mtu. Na ananiambia gauni ni la bluu. Nalijua, nimelishona mimi. Aniambie yule aliyevaa koti alikuwa na uso gani nilipomvua."

Kimya alitoka, akazunguka nje, akarudi macho mekundu. Alikuwa amekitupa kile kilichofanya sauti yako iwe yako, na alikitupa kwa ustadi mkubwa. Sauti ya mashine tumeifuta yote mbele ya Mama. Yako ni yako, haitatumika tena bila wewe. Kaseti tunayo, na vicheko vyake vyote vimo.

Mama ndiye aliyetuchekesha mwishoni. Alimwambia Kimya asilie, kwani ametengeneza toleo la mdogo wake lisilobisha, kitu ambacho mama yao alikiomba kwa Mungu miaka mingi. Kisha akanigeukia ndipo akasema, "Mwandikie."

Sasa ombi, Mjomba, na usisimame.

Tunataka uisimulie filamu hii wewe mwenyewe. Si kwa kurekodi. Moja kwa moja, kama zamani, watu wakiwa wamekaa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa kumi jioni kwa saa zetu, kwako huko itakuwa mchana. Kimya ameshaijaribu njia na rafiki yake muuguzi aliye nchi ya mbali kama yako. Utaiona filamu kwenye simu yako wakati ule ule sisi tunaiona ukutani, na sauti yako itatoka kwenye spika zetu. Inachelewa kidogo sana, kama mtu anayemeza mate kabla ya kusema. Na maiki tutaziweka pande zote ili uwasikie watu. Vicheko utavipata, safari hii havifutwi.

Na unajua ni wapi? Ukumbini kwako! Mwenye ukumbi aliugeuza ghala la magodoro, na amekubali tuutumie siku hiyo. Tulimwomba ayaondoe magodoro, Kimya akapiga kelele kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Anasema magodoro yanaua mwangwi, yabaki, watu wakae juu yake. Kwa hiyo patakuwa na wazee uliowachekesha kwenye mabenchi magumu, sasa wamelala kama wafalme. Waliposikia jina la Kamba, kinyozi anasema, siku hiyo dukani kwake hakunyoleka mtu, walikuwa wanasimuliana wewe. Kuna mmoja bado anadai mwizi wa farasi alikuwa shemeji wa mfalme. Hiyo ilikuwa chumvi yako, nimeitafuta ile filamu nikaitazama yote, hakuna shemeji popote! Yako ilikuwa nzuri zaidi.

Najua utakachosema. Ulishaniambia kwamba wewe siku hizi ni mtu wa kubeba makabati, na maneno uliyaacha huku ukumbi ulipofungwa. Kweli uliyaacha. Nimeyakuta kwenye kaseti, hayajaota kutu. Na niseme jambo jingine kwa kuwa wewe ni mjomba wangu na hakuna mwingine wa kukuambia. Tangu macho ya Mama yapungue, simu zako zimekuwa fupi. Salamu, dawa, hali ya hewa, kwaheri. Sikulaumu. Nadhani unaogopa kumwambia dada yako habari za vitu ambavyo yeye havioni tena. Mjomba, hicho ndicho anachokitaka! Ana watu wa kumwuliza kama amemeza dawa, tumejaa nyumba nzima. Hana wa kumwambia mwizi yuko nyuma ya mlango.

Sitakutumia maelezo ya kusoma. Nilijaribu kuyaandika, Simama akayachana, akasema mtu haandikiwi macho yake. Nitakutumia filamu tu. Itazame mara moja, au usiitazame kabisa, ukutane nayo pamoja nasi kama ulivyokuwa ukikutana na zile za kigeni. Sehemu ya koti, mwishoni, usimwonee huruma. Mtanie. Mwambie kinyozi alivyoonekana kichekesho. Mwambie na uso wake mwenyewe ulivyokuwa, maana mimi nimejaribu na kila nikifika hapo nalia, na mtu anayelia si msimulizi.

Salamu nyingi kwa mkazamjomba na kwa binamu zangu, nao wakae karibu yako siku hiyo wakusikie, nadhani hawajawahi kumwona Kamba. Baba anasema atakaa mbali na maiki. Simama anakusalimu ingawa hakujui, na Kimya anakusalimu kwa heshima na kwa hofu. Mungu akulindie mgongo na safari zako za kazini, akupe pumzi ndefu kama mikono yako.

Mama atakaa godoro la mbele kabisa, karibu na spika. Kando yake tutaweka kiti kimoja, na juu ya kiti koti. Amelishusha jana, akauachia tena mshono wa kiunoni, na amesema halirudi kwenye msumari, litakaa hapo likikungoja uje kupimwa, mwaka huu au mwingine. Lakini siku ya Jumamosi hiyo, Mjomba, simu itakapoita na ukasikia ukumbi umejaa, usianze na mabibi na mabwana. Kutakuwa na mtu atakayekuuliza swali kabla ya filamu. Mjibu kwanza kama umekula.

Mimi mpwa wako, nikupendaye toka siku za pini,

Sumaku